Ng'ombe Wanaoingia Uani kwa Mwajabu

Mke wangu Mwajabu hana cheti cha uuguzi wala cha chochote, lakini mseme vibaya mbele yangu uone. Mimi ni Shaabani, au Baba Twaha, nauza vifaa vya ujenzi hapa Karatu mjini. Ua wangu wa nyuma niliutaka uwe wa kuwekea mabati, ila kila Alhamisi unajaa wazee. Nilinuna weee, mpaka nikachoka.

Alianza baada ya kumuuguza mama yake, aliyefariki kwa ugonjwa wa kusahau. "Mtu akisahau jina lake mnamweka pembeni kama gunia," aliniambia. "Mikono yake haijasahau kitu." Basi kila mzee anamtafutia kazi ya mikono yake. Bibi Qamara hamtambui hata mwanawe wa kumzaa, ila mpe ungo wa maharage: anachambua mpaka hukuti uchafu, na akiona wewe umechambua ovyo, anakusonya. Wengine wanasuka kamba, wengine wanamenya vitunguu huku wanaimba.

Aliyemshinda ni Mzee Sairowua, mfugaji wa Kimasai kutoka kijiji cha Piyaya. Binti yake Nashipai alimleta mjini akili ilipoanza kumtoka. Jua likishuka tu, mzee anashika fimbo anakwenda kutafuta ng'ombe wake, na njia yake ni barabara ya lami ya kwenda Ngorongoro, yanapokimbia magari ya watalii.

Mwajabu akampangia shughuli. Alimmwagia kokoto mezani, akamwambia kwa bashasha, "Babu, hawa ng'ombe wako. Hebu tuhesabie." Loo! Mzee alizichapa zote kwa fimbo, ungo wa Bibi Qamara ukapinduka, maharage yakaruka hadi kwenye simenti yangu. Akatoka. Tulimkuta katikati ya lami, gari limefunga breki mbele ya kifua chake.

Kesho yake Nashipai alikuja dukani kununua kufuli.

"La mlango wa baba," akasema, machozi yanamtoka. "Nikienda kazini nimfungie ndani. Nifanyeje, Baba Twaha? Bora anichukie lakini awe hai."

Nikampa. Mwajabu akatokea nyuma yangu. "Mwanangu, hebu subiri. Kwanza niambie, jana nilimkosea nini?"

"Mama, kwetu ng'ombe hawahesabiwi. Kuwahesabu ni kuwaitia balaa. Baba anamjua kila mmoja kwa rangi yake. Wakiingia bomani, anaona mwenyewe nani hayupo."

Mwajabu akajipiga paji la uso. "Astaghfirullahi! Yeye anawahangaikia, mimi nawaitia balaa!" Akamwomba Nashipai asubiri hadi Alhamisi, mzee asipotulia, basi, amfungie. Kisha wakashuka korongoni na ndoo. Nashipai alichagua mawe yanayofanana na ng'ombe wa zamani wa babake: mekundu, ya kijivu, yenye madoa, na moja jeusi lenye mkanda mweupe tumboni.

Alhamisi, mzee alishinda asubuhi nzima akiyageuza na kuyasemesha. Jua liliposhuka, akashika fimbo. Mwajabu hakumzuia. Alikuwa ameyatoa mawe nje uchochoroni, akafungua lango la ua. "Babu, ng'ombe wanarudi. Simama uwaone wakiingia."

Wazee wenzake wakaanza kuyasukuma ndani, moja moja. Mzee akasimama langoni, mgongo umenyooka, anagusa kila jiwe kwa ncha ya fimbo na kulisalimu kwa Kimasai. Mashallah, alikuwa mwenye mali yake! Mawe yakaisha. Mzee hakuondoka.

"Mweusi mwenye tumbo jeupe hajaingia," akasema. Akageuka kuelekea lami.

Nashipai akatia mkono mkobani, kwenye kufuli. "Ndiyo ugonjwa huo," nikanong'ona.

 Mwajabu alikuwa anautazama mlango wa stoo yangu. Chini yake, jiwe jeusi lenye mkanda mweupe, nililoliokota mchana kuzuia mlango usijifunge.

"Shaabani!"

Wallahi, sauti ile ilifika sokoni. Nililibeba mwenyewe, mtu mzima na kitambi changu, nikalipitisha langoni wazee wakinicheka. Bibi Qamara akanisonya.

Mzee Sairowua akaligusa, akashusha pumzi. "Wameingia," akamwambia Nashipai. "Funga."

Nashipai akavuta lango. Cha kulifungia hakuwa nacho, ila kile alichokuwa amekishika mkobani. Mzee akakichukua, akalibana kufuli kwa mikono yake miwili, akalivuta kuhakikisha. Kisha akamshika binti yake mkono, wakaenda nyumbani.

Siku hizi Mwajabu anafungua ua kila jioni. Mabati yangu yananyeshewa nje, na yanyeshewe. Anayeniuliza, namwambia nina mke mwenye akili kuliko wilaya nzima, halafu namwonyesha lango. Lile kufuli lililonunuliwa la kumfungia mzee, sasa analifunga mzee mwenyewe.