Bibi Alisema Mutoe Sura

Watu wakisikia kwamba kila Jumamosi mchana naenda mtaa wa Bwiza kupigana vita, hucheka kwanza, halafu hunitazama tena kuona kama akili zangu ni timamu. Mimi ni mwanamke wa makamo, mjane, nafanya kazi katika ofisi ya wakala wa kutoa mizigo bandarini, na kanisani nasimama mstari wa mbele wa kwaya. Vita vyenyewe ni vya mezani. Askari wetu wana urefu wa kidole gumba, milima yetu ni ya yale mapovu makavu meupe yanayokuja yamezungushiwa friji mpya, na anayebaki au kuondoka huamuliwa na dadu na utepe wa kupimia wa fundi cherehani. Unasogeza kikosi, unapima, unarusha dadu, unalalamika. Kulalamika ni kazi yangu. Wenzangu wana adabu.

Mji huu mchezo wa mezani unaujua: karata, bao, na drafti ya vizibo vya bia nje ya kila baa. Vita vya askari wadogo hakuna anayeviuza, kwa hiyo kila kitu tunajitengenezea. Kanuni tulizitoa kwenye mtandao, za Kifaransa, tukazichapisha, tukazigombania mpaka zikawa zetu. Jeshi hutengenezwa na rafiki wa utotoni wa marehemu mume wangu, fundi wa meno bandia, ambaye huniita shemeji hadi leo, nami humwita hivyo hivyo. Anasuka mwili wa askari kwa waya mwembamba, kisha anauvika ile resini ya waridi anayotengenezea ufizi wa meno ya kuvaa. Kabla ya kupakwa rangi, jeshi letu zima huonekana kama limetoka kinywani mwa babu wa mtu.

Wa tatu wetu ni mwenye duka la vitambaa. Ukoo wao ni wa Waarabu waliokaa Bwiza tangu babu zake, na chumba tunachochezea ni chake, nyuma ya duka, juu ya meza kubwa ya kukatia vitambaa. Yeye anaongoza Jeshi la Ziwani, na anapigana kama anavyouza: anakungoja tu, anatabasamu, mpaka uchoke mwenyewe.

Jeshi la Mlimani lilikuwa la mume wangu. Akiwa hai niliwacheka wote watatu. Nilisema watu wazima, wenye ndevu, wanacheza na vidude. Kisha maradhi ya kifua yakamchukua. Matanga yakaisha, ndugu wakarudi makwao, nikabaki mtaani Mutanga Nord katika nyumba ambayo ghafla ilikuwa kubwa. Siku za kazi nilijikaza. Jumamosi sikuwa na mbele wala nyuma. Nililala nikitazama dari mpaka jua lizame, na kama mtu angegonga mlango nisingeufungua.

Shemeji hakugonga. Aliita dirishani.

"Shemeji! Jeshi ya Mulimani haina mukubwa. Yule mwarabu ananicheka. Njoo basi."

Nilikwenda kwa hasira, niwaonyeshe kwamba ni upuuzi mtupu. Nikashindwa vibaya sana. Jumamosi iliyofuata nikarudi kulipiza kisasi, nikashindwa tena, na njiani kurudi nyumbani nikajikuta nafikiria jinsi ya kuulinda mlima. Nilifika mlangoni ndipo nikagundua kwamba njia nzima sikuwa nimelia. Nalisema hili wazi kwa sababu sipendi shukrani za kuzungukazunguka: meza ile ndiyo iliyonitoa kitandani.

Baada ya muda nikapata kazi yangu mwenyewe pale, kupaka nyuso. Mkono wangu ni mtulivu kuliko ulimi wangu. Kwa kijiti cha meno na unywele mmoja wa brashi niliweza kumpa askari macho, nyusi, hata kinyongo. Mmoja ana jino linalomuuma. Mwingine ni bosi wangu kabisa, na naomba asije akaingia Bwiza. Nikajisifu kupita kiasi, nikawa nawasimamisha wageni mlangoni niwaonyeshe.

Na mmoja, mbeba bendera wa Mlimani, nilimpa uso wa mume wangu. Sikumwambia mtu. Picha zake zote ni za harusi za watu, amekakamaa ndani ya koti la kuazima. Huyu mdogo alikuwa na lile jicho lake moja linalotangulia kucheka kabla ya jingine. Shemeji alimwona siku ya kwanza, akamtazama, akamsimamisha mahali pake kilimani.

Sasa, mama yake mwenye duka, Bibi yetu sote, anakaa uani humo humo. Miaka yote hiyo alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Alizisikia kelele zetu akadhani ni drafti. Kisha akapasuliwa, bandeji zikatolewa, na Bibi akaanza kuzunguka nyumba yake mwenyewe kama mgeni, akishika kila kitu na kukisogeza puani. Jumamosi moja mwanawe alikuwa amevuka mpaka kwenda Kigoma kufuata mzigo. Bibi akaingia chumbani kwetu, akainama juu ya meza, akatazama muda mrefu.

"Hizi ziko na macho," akasema.

"Ndiyo, Bibi!" nikajibu kwa majivuno. "Ni mi nilizipaka."

"Astaghfirullah." Akajiinua taratibu. "Wanangu, mi naswaliaka hapa nyuma. Malaika ya rehema haiwezi ingia pahali iko hizi. Mutoe sura." Akaenda zake jikoni.

Shemeji na mimi tulitazamana. Sisi ni watoto wa kanisani. Kwetu sura ni lile neno la siku ya sita ya uumbaji, Mungu alimwumba mtu kwa sura yake, yaani umbo, mfano, mtu mzima kutoka kichwani hadi miguuni. Bibi amesema tutoe sura, basi tuzitoe sanamu nyumbani mwake. Tukapanga jeshi ndani ya katoni, shemeji akabeba milima kichwani. Tulipopita uani, Bibi alipaza sauti kutoka jikoni: "Musikawie, eh!"

Nilihisi uso unanichoma. Si kwamba tumefukuzwa tu, hata tunahimizwa.

Tulijaribu kucheza kwangu. Meza yangu ni ya kulia chakula cha watu wanne, mlima mmoja ukaijaza. Tukahamia sakafuni, shemeji magoti yakamkataa. Jirani akachungulia akaona vita vinapiganwa kati ya makochi, akauliza kama aniombee. Jumamosi nyingine mafuta yakakosekana mjini, shemeji akasema kutembea kutoka kwake ni mbali, na mimi sikumlaumu. Katoni ikaingia chini ya kitanda. Mwenye duka hakupiga simu. Mimi nami sikupiga, maana nikishanuna huwa nanuna kwa moyo wangu wote. Lakini chini ya kununa huko nilikuwa na hofu, hofu ya kweli. Dari ilikuwa inanisubiri tena. Jumamosi moja niliamka saa za kuamka, nikakumbuka hakuna pa kwenda, nikarudisha shuka usoni.

Mzigo wa mwenye duka ulipofika bandarini, yeye mwenyewe akaja ofisini kwetu kuutoa. Nilimpokea kwa Kifaransa. Nilimwita monsieur, yaani bwana, kama mteja yeyote. Alinitazama kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake.

"We mama, Kifaransa ni ya nini? Niambie tu, mutamaliza lini? Mama anauliza kila Jumamosi. Anachoma vitumbua, inabaki, naikula peke yangu. Angalia hii tumbo."

"Kumaliza nini?"

"Si sura!" Akajipangusa kiganja kutoka paji la uso hadi kidevuni. "Macho, pua, mudomo. Ameniambia mumepeleka askari kuwatoa sura. Mi nikasema, eh, jeshi ni kubwa, tuwape muda."

Nilikaa chini.

"Alisema mutoe sura," akarudia polepole, kama anayemfundisha mtoto. "Apana mutoke."

Akanieleza. Kwa mama yake, sura ni uso. Kisichokuwa na uso hakina lawama, ni kama jiwe au mti, kinaweza kukaa popote. Wapo wa dini yake wasiohesabu jambo hilo hivyo, lakini nyumba ni ya mama na malaika ni wa mama. Na lile "musikawie" maana yake ilikuwa tuwahi kurudi, chai ilikuwa jikoni. Nilicheka mpaka bosi akatoka chumbani kwake kuona nani amepatwa na nini. Nilicheka njia nzima ya kurudi nyumbani, hadi nilipovuta katoni kutoka chini ya kitanda na kumwona mbeba bendera amelala chali juu ya wenzake, ananitazama kwa lile jicho.

Jumamosi tulirudi. Shemeji alikuja na resini yake na taa ndogo ya kazini ya kuigandishia. Tone moja usoni, anasawazisha kwa ncha ya kidole, na askari anabaki na uso laini wa waridi. Kisha mimi napitisha rangi ya kahawia. Aliyeumwa na jino akapona. Bosi wangu akaondoka duniani, sikumsikitikia sana. Mbeba bendera nilikuwa nimemficha kwenye mkoba.

Mwenye duka aliona kilima hakina bendera. Anajua kuhesabu mali yake na ya wengine. Akasema kwa upole, bila kunitazama, "Yule munaweza mubakisha kwako. Kwako ni kwako."

Ilikuwa kweli. Ningeweza kumweka kabatini, na uso wake, kando ya glasi. Lakini mume wangu kabatini angefanya nini? Kwangu angekuwa pambo. Hapa angekuwa na bendera, na kilima, na watu wa kumchokoza. Nilimtoa mkobani. Shemeji akanyoosha mkono kumpokea, nikamwambia hapana, huyu ni wangu. Niliweka tone mwenyewe. Nikalifunika jicho lile, kisha lingine, nikalia pale pale mbele yao na sikuona haya. Nilipomaliza nilimsimamisha kilimani na kuona kipande cha resini tu, kimeshika kijiti cha bendera. Nilidhani nimemzika mara ya pili.

Bibi akaingia na sahani ya vitumbua kukagua kazi. Aliwainua mmoja mmoja, akawasogeza karibu na macho yake mapya. "Hii sawa. Hii sawa. Hii pia." Akafika kilimani. Akamwinua mbeba bendera, akamgeuza, akamgeuza tena. Mimi nikajua ameona alama ya jicho iliyobaki, nikaanza kusema nitamrudia.

"Huyu si bwana yako?" akaniuliza.

Nikageuka kumtazama Bibi.

"Ni yeye. Alikuwa anasimama hivi hapa mulangoni, kunisalimia. Mukono moja nyuma, amelegeza goti, kichwa upande." Akapitisha kidole juu ya mgongo wa yule mdogo. "Sura yake mi sikuijuaka, mwanangu. Macho ilikuwa imekufa. Watu wote nilikuwa nawajua hivi hivi, namna wanasimama."

Akaniwekea kiganjani. Nikatazama, kwa mara ya kwanza, kutoka shingoni kushuka chini. Mkono wa kushoto umerudi nyuma na kushika kiwiko cha mkono wa bendera. Goti limelegea. Kichwa kimeinama kidogo, vile alivyokuwa akinisikiliza nikilalamika. Hiyo haikuwa rangi yangu. Hiyo ilikuwa waya ya shemeji, iliyokunjwa kabla sijagusa brashi, kabla hata sijaitwa dirishani. Nikamgeukia shemeji. Alikuwa anaukunja utepe wa kupimia, anaukunjua, anaukunja tena.

"Nilidhani unajua, shemeji," akasema.