Uyoga wa Njia ya Wapagazi

Nilipokuwa na kimo cha mtungi wa maji, bibi yangu alikuwa na swali moja lililoniogopesha kuliko mahubiri yote ya siku ya mwisho. Aliliuliza kila mvua zilipokolea na uyoga kuanza kuota, akiwa amechuchumaa mbele ya chungu, mwiko mkononi: "Nani hapa ana neno na mwenzake?" Uyoga haukuingia chunguni mpaka kila aliyekuwa jikoni amejibu.

Siku hizi kazi yangu ni kuzunguka makanisani nikiwafundisha akina mama lishe ya nyumbani. Nawaambia chakula ni dawa, nawahimiza wasidharau mboga zetu za kukausha, nasifia mlonge mpaka wamenipa jina la Mama Mlonge. Nimefika mbali kwa kazi hiyo. Nimeharisha katika nchi saba, na katika zote saba nilitafuta duka la dawa kwanza, mlonge baadaye. Huwa nawachekesha kwa hayo. Lakini akitokea mama wa kuniuliza habari za uyoga wa porini, mimi mwalimu mzima natazama saa na kusema muda wetu umekwisha.

Bibi aliishi Ntalikwa, nje kidogo ya mji wa Tabora, shamba lake likiwa limepakana na pori la miti ya miyombo. Mimi nilikuwa mtoto wa mjini, nikipelekwa kwake kila likizo ya Desemba. Huko nilimkuta binamu yangu Yustina, binti wa Mjomba Elia, aliyelelewa na bibi tangu mama yake afariki. Tulikuwa rika moja, miaka tisa. Yustina alijua kila mti wa pori lile. Mimi nilijua kufungua bomba la maji, na yeye hakuniacha nisahau. Aliniita Mtoto wa Bomba.

Katikati ya pori lile ilipita njia ya wapagazi, ile ya misafara ya zamani, watu walipobeba pembe za ndovu mabegani kuelekea pwani. Haikuwa njia tena, ila ardhi ilikuwa bado imebonyea, kama mgongo wa mtu aliyebeba mzigo mzito maisha yake yote. Uyoga uliota pale kwa wingi, mkubwa, mweupe, na hakuna aliyeuchuma. Bibi alisema wapagazi wengi walianguka njiani wakaachwa walipoangukia, na uyoga ule ni masikio yao. Wamelala, lakini wanasikiliza. Wanasikiliza hasa walio hai wanavyosengenyana, na mtu mwenye kinyongo akigusa uyoga, wao huupa sumu.

Bibi alikuwa mkristo wa kweli, mwimbaji wa sauti ya pili asiyekosa Jumapili hata moja. Siku moja nilimuuliza, kwa kiburi changu cha shule ya Jumapili, vipi mkristo anaamini masikio ya wafu. Akanijibu bila kuinua macho kutoka kwenye karanga alizokuwa akipeta, "Mungu aliyeumba masikio yako, ambayo hayasikii, atashindwaje kuyaacha yale yanayosikia?"

Basi Desemba moja, siku moja tulikuwa na mgeni wa chakula cha mchana, mwinjilisti wa kanisa letu, ambaye angefika na pikipiki yake baada ya ibada ya wagonjwa. Bibi alitutuma uyoga tangu asubuhi. Desturi ya nyumba ile ilikuwa kwamba atakayerudi na kikapu kizuri zaidi atachagua uyoga mmoja, auchome kwenye makaa kwa chumvi, aule kabla ya wote. Na siku ile, akaongeza bibi, ndiye atakayeombea chakula mbele ya mwinjilisti.

Hapo ndipo shetani alipopata kazi. Uyoga nisingeulilia. Lakini sala! Nilikuwa nimeiandaa sala ndefu ya mjini, yenye "Ee Baba Mwenye Enzi" ndani yake mara nne. Nilijiona kabisa nimesimama, mwinjilisti anatikisa kichwa, anasema huyu mtoto ana kipawa.

Porini Yustina aliinama, akachuma, akainama, akachuma. Mimi nilizunguka kama kuku aliyepotea banda. Alipotokomea nyuma ya kichuguu, nikateremka kwenye ile ardhi iliyobonyea. Palikuwa kimya. Uyoga umesimama safu safu, na naapa, ulikuwa umenigeukia. Nikachuma ule mkubwa kuliko wote, wenye upana wa sahani, nikaufunika na majani kikapuni, nikakimbia bila kutazama nyuma.

Nyumbani bibi alikagua vikapu kwenye ungo, uyoga mmoja baada ya mwingine. Aliugeuza, akautazama mguu, akaunusa, akaupitisha kwa Yustina naye autazame. Cha Yustina kilipita chote isipokuwa miwili. Cha kwangu kilitupwa zaidi ya nusu. Alipofika kwenye ule mkubwa hata hakuunusa. Aliurusha jalalani, akanawa mikono.

"Huu umeutoa wapi?"

"Chini ya mti, bibi."

Yustina akaangua kicheko. "Mtoto wa Bomba! Siku nyingine utaleta sabuni tuipike."

Bibi naye alicheka kidogo. Kicheko kile kidogo ndicho kilichoniumiza. Nikajiambia: bibi anampenda Yustina kwa sababu hana mama, anataka Yustina asali, kwa hiyo ametupa uyoga wangu mzuri makusudi. Walipoingia ndani kutafuta karanga, nikaenda jalalani. Niliuokota ule uyoga. Ili bibi asiutambue, nikaukata mguu na kuuacha pale pale, nikaimenya ngozi ya juu, nikausuuza, nikautia katikati ya ungo wa uyoga uliokwisha kupita. Nilitaka uingie chunguni, wote waule, wausifie, halafu mimi nijue moyoni. Basi. Hiyo ndiyo ilikuwa hila yangu yote. Wezi wa kuku wana mipango bora zaidi.

Bibi akarudi, akachuchumaa. "Nani hapa ana neno na mwenzake?"

"Mimi sina," akasema Yustina upesi.

Akanigeukia. Macho ya bibi yalikuwa na ukungu wa uzee, lakini siku ile nilihisi yananiona mpaka mifupa.

"Sina, bibi."

Kabla hajamimina, pikipiki ikasikika. Bibi akasimama kumpokea mgeni. "Yustina, chagua wako uchome, halafu utie uliobaki."

Na Yustina, kama mtu yeyote mwenye akili, akachagua mkubwa kuliko wote.

Mnadhani nilipiga kelele? Sikupiga. Ule umetoka kwenye ungo uliokaguliwa; hakuwa na sababu ya kuushuku. Mimi nilikuwa na sababu zote, na nilichowaza, Mungu anisamehe, ni kwamba Mtoto wa Bomba ndiye aliyeuchuma na huyu ndiye anayeula. Nilikasirika mpaka machozi. Akanimegea kipande. Nikamwambia sitaki makombo yake.

Uyoga wa karanga haukuwa umeiva bado Yustina aliposhika tumbo. Kwanza alienda nyuma ya jiko akatapika. Akarudi akicheka, kisha akaenda tena, na safari hii hakurudi kwa miguu yake. Mjomba Elia, aliyekuwa akizungumza na mgeni, alimbeba. Walimlaza mkekani sebuleni. Jasho lilimtoka, mate yakamchuruzika, akawa anatapika mpaka hakikubaki kitu cha kutapika, na mwili haukukubali kuacha.

Nilisimama mlangoni. Nilisikia masikio. Sijui nieleze vipi kwa watu wazima: nilihisi pori zima limenyamaza kunisikiliza, na kwamba wale waliolala kwenye njia yao walisikia nilivyosema "sina" na sasa wanamchukua Yustina badala yangu. Mikono yangu ilikuwa na harufu ya uyoga. Niliificha kwapani.

"Ni malaria imempanda," akasema Mjomba Elia.

"Asubuhi alikuwa mzima," akasema bibi. "Hili ni tumbo." Bibi alijua majani ya kila maradhi, watu walitoka mbali, hata Isikizya, kumfuata. Akaweka sufuria motoni, akachuma majani ya mpera, akaanza kuyachemsha. Mwinjilisti akapiga magoti, akaweka mkono juu ya kichwa cha Yustina, akaomba.

Nami niliomba. Sikuwahi kuomba vile, na ile sala yangu ya mjini sikuikumbuka hata neno. Niliomba Mungu amponye Yustina haraka, sasa hivi, ili nisilazimike kusema. Kama kuna sala aliyowahi kupelekewa yenye ubahili kuliko hiyo, sijaisikia. Mwinjilisti alimaliza kuomba, nikangoja. Sufuria ilichemka, nikangoja. Bibi alimimina dawa kwenye kikombe, akaipoza kwa kuihamisha kikombe hadi kikombe, nami bado nikangoja. Yustina akafungua macho, akatazama mlangoni, akafumba tena.

Bibi alipomwinua kichwa kumnywesha, mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Alikula ule wa jalalani. Niliurudisha mimi. Niliutoa njia ya wapagazi."

Kikombe kiliwekwa chini. Hakikutupwa, bibi alikiweka taratibu, na hilo likanitisha zaidi.

"Uliomenywa ule? Nilidhani Yustina ndiye aliyeumenya."

"Niliumenya mimi."

"Elia!" Sikuwahi kumsikia bibi akipaza sauti kabla ya hapo. "Hii si ya majani. Hospitali. Mwinjilisti, pikipiki!"

"Mama, angalau anywe kidogo ya—"

"Nimesema si ya majani! Unataka nijaribu kwa mtoto?" Akanigeukia. "Mguu wake uko wapi?"

"Jalalani."

"Kalete. Daktari atataka kuuona. Kutetemeka utatetemeka baadaye."

Nilikwenda. Nilipekua maganda ya viazi na majivu kwa mikono yangu, nikalia kwa sauti, nikiwa na hakika kwamba kile kipande kitanishika kidole. Nilikipata. Bibi alikifunga kwenye kitambaa chake cha kichwa, akampa Mjomba. Wakampakia Yustina kati yao kwenye pikipiki, mwinjilisti mbele, Mjomba nyuma amemkumbatia, shingo ya mtoto ikiyumba. Vumbi lao lilikaa hewani muda mrefu.

Chungu kilimwagwa chote. Hatukula kitu. Bibi alikaa kwenye kigoda, mimi chini, nikingoja kipigo. Hakikuja. Baadaye sana akasema, "Unadhani nauliza lile swali kwa ajili ya wafu?"

Nilikwaruza udongo kwa kidole.

"Mwenye kinyongo haonyeshi mwenzake alichoshika mkononi. Uyoga unataka macho ya watu wawili. Ndiyo nauliza."

"Na masikio, bibi?"

Akafikiri. "Masikio yapo pia," akasema.

Jua lilikuwa limeshuka juu ya miyombo Mjomba Elia aliporudi na pikipiki peke yake. Nilipoona hakuna aliyekaa mbele yake nilijificha nyuma ya ghala la mahindi, nikaziba masikio yangu mwenyewe. Bibi ndiye aliyekuja kunitoa. Yustina alikuwa amewekewa maji ya mshipani, alisema. Mwinjilisti amebaki naye. Daktari alikitazama kile kipande na kusema wamewahi. Siku ya tatu alirudi nyumbani, amekonda, ananiita Mtoto wa Bomba kwa sauti ya paka.

Yustina sasa ana nyumba yake palepale Ntalikwa, na binti yake wa mwisho ni somo yangu. Kila mgeni anayeingia huambiwa, "Huyu anaitwa Modesta, jina la ndugu yangu aliyeniokoa." Kwa miaka mingi nimeyapokea maneno hayo kwa kucheka na kutia mzaha, kama kawaida yangu. Alikuwa akidhani, au mimi nilidhani anadhani, kwamba nilikimbia kusema mara tu alipougua.

Mwaka huu tulikuwa uani, tunakata viazi vitamu vilivyochemshwa ili tuvianike viwe matobolwa. Mtoto alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Sijui nini kilinipata, labda umri. Nikamwambia Yustina kwamba nilisimama pale mlangoni muda mrefu mno, mpaka dawa ikachemka na kupoa, nikimwomba Mungu anisaidie nisiseme.

"Najua," akasema, kisu chake kikiendelea.

"Unajua nini?"

"Nilikuwa natapika, Modesta, sikuwa kipofu. Umesimama pale umeng'ata pindo la gauni. Nikajua kuna kitu umefanya, ila sikujua ni nini."

"Sasa mbona hukusema?"

"Niseme kwa mdomo upi? Roho ilikuwa mlangoni." Akafuta kisu kwenye kanga. "Nilikuwa nakusubiri wewe."

Nimeubeba muda ule tangu utotoni nikidhani nilikuwa ndani yake peke yangu, na hofu yangu, na wale wapagazi. Kumbe mkekani pale kulikuwa na mtoto wa miaka tisa anayekufa, anayenitazama, na bado ananitumainia. Sikuwa na mzaha wowote wa kutia hapo. Niliinama nikaendelea kukata viazi, vipande vinene na vyembamba, ovyo kabisa, na Yustina, ambaye hajawahi kuniachia kosa lolote maishani, aliviokota kimya kimya akavipanga juani.