Mizinga ya Baba Niliyoifuta

Jumatatu ya pili ya Machi, baba akiwa na siku arobaini kaburini, mama alipoteza mizinga kumi na miwili katika msitu wa Rungwa. Aliyempotezea ni mimi.

Kikundi chetu cha wafuga nyuki kiliniomba niingize mizinga ya wanachama kwenye kompyuta. Nilifeli kidato cha nne, nikaishia hapo. Kuandika programu nilijifunzia kwenye simu. Kila mzinga niliupa sifa tatu: alama iliyochongwa, mti na korongo. Juu ya maelezo hayo nikaweka mstari unaoanza na @, wanaouita dekoreta. Kwa mstari huo programu hulinganisha vitu kwa sifa zake. Zikilingana zote, inajibu kuwa ni sawa. Nikaiamuru ifute kila mzinga uliojirudia.

Kwa wengine, alama ndiyo humtaja mwenye mzinga. Kwetu, ndugu wote huchonga alama ya babu. Katika kila mti, baba na baba mdogo walitundika miwili, mzinga wa huyu na wa yule. Nilikulia humo, na bado sikuandika jina la mwenyewe. Orodha ya baba mdogo ilitangulia. Mizinga ya baba ikafutwa yote.

Mkutanoni nilisema kosa ni langu, na kwamba nimeongeza sifa ya nne, jina.

"Umeongeza lini?" baba mdogo akauliza.

"Jana."

"Jana! Binti anamwandikia maiti mali."

"Baba mdogo, unajua ni ishirini na minne. Uliitundika mwenyewe."

"Mimi sijui kompyuta. Mashine yako ilisema kumi na miwili. Au ilifeli pamoja na wewe?"

Watu wakacheka. Mama akasema, "Shemeji, hata nyuki wanakujua kwa uongo."

Mwenyekiti akaamua twende msituni. Kwenye mti wa kwanza ilining'inia mizinga miwili, alama moja.

"Mmoja nilikuwa sijauandikisha," baba mdogo akasema. "Yote yangu."

"Upi wa marehemu?" mwenyekiti akatuuliza.

Mama hakujua, kutundika ilikuwa kazi ya wanaume. Ningeweza kunyoosha kidole popote. Nikasema sijui.

Mwenyekiti akaandika jina la baba mdogo mara mbili, tukaenda mti wa pili.