Siku Niliyovuliwa Buti

Kwetu ni upande wa Kiritiri, ambako matope ni mgeni wa wiki chache tu kwa mwaka. Kwa hiyo mtu akinikuta sokoni jua la saa saba nimevaa buti mpaka katikati ya muundi, lazima aulize, "Mwalimu, unangojea mvua gani?" Nimeulizwa hivyo tangu utotoni na siku hizi hata sijibu. Namwangalia tu vidole vyake vilivyojaa vumbi, kisha naendelea kuchagua nyanya.

Za kwanza zilikuwa gambuti nyeusi alizoniletea mjomba wangu, aliyekuwa akichuma majani chai huko juu Meru. Zilikuwa kubwa, mama akazijaza matambara. Nilikuwa na miaka minane na miguu iliyoliwa na funza. Mama alinikalisha kwenye kigoda akawachokoa kwa pini, huku ananikaripia na machozi yanamtoka. Funza waliisha, lakini kwenye mguu wa kulia waliondoka na kucha mbili, na vidole vikabaki vimepinda, vina makovu. Watoto wa shule walivitungia wimbo. Nilipovaa gambuti wimbo ukaisha, nami nikazipenda kama mtu anavyompenda aliyemtetea.

Nikiwa chuo cha ualimu nilipata za ngozi kwenye mitumba ya Embu, za kahawia, zenye kamba ndefu. Nilizing'arisha kila Jumamosi. Nilipoanza kufundisha, darasa lilinyamaza kabla sijafika mlangoni, kwa kusikia tu mlio wake kwenye saruji. Ndani ya buti nilijiona mrefu, mkali, mtu wa haraka, na nilijipenda hivyo.

Lakini nitakuwa mwongo nikisema ni hayo tu. Seremala mmoja wa Nkubu alikuja kutengeneza madawati shuleni kwetu, akaanza kwa kuzisifu buti zangu, akaishia kuniposa. Tulichumbiana miaka miwili, na kwa miaka hiyo miwili hakuwahi kuona vidole vyangu. Watu husema funza ni wa wachafu. Niliogopa kwamba siku akiviona ataona umaskini wetu wote pale, abadili mawazo.

Siku ya mahari ikafika. Kuna mchezo ambao lazima uchezwe: wasichana kadhaa wanafunikwa leso kutoka kichwani mpaka kwenye vifundo vya miguu, wanapangwa mstari, na mchumba anamtafuta wake. Akikosea, anapigwa faini ya kreti ya soda.

"Toa hizo buti," shangazi akaniambia chumbani.

"Tata, hapana," nikamwambia shangazi.

"Akiziona si atakujua saa hiyo hiyo? Hiyo soda tutakunywa lini? Toa, tumvalishe huyu." Akamwonyesha binamu yangu, ambaye tayari alikuwa anacheka.

Nilibisha sana. Shangazi akapiga magoti akazifungua kamba mwenyewe.

Nikasimama uani pekupeku, leso usoni, nimekunja vidole vya mguu mpaka vikauma. Nilimsikia akija. Alifika kwenye buti akasimama. "Huyu!" Wanawake wakamfunua binamu, vigelegele vikapigwa, faini ikatangazwa. Akaanza upya, safari hii polepole. Kupitia kitambaa niliona kivuli chake kimesimama mbele yangu. Kisha kivuli kikaanza kusogea kwenda kwa msichana aliyenifuata.

Hasira zikanipanda, na mpaka leo sijui nilimkasirikia nani. Miaka miwili, halafu unanipita hivi hivi? Nikautoa mguu wa kulia nikamkanyaga kiatu kwa nguvu.

Akacheka mpaka akakohoa. "Ndiye huyu! Nani mwingine hapa anaweza kunikanyaga mbele ya wazee?"

Leso ikaondolewa, lakini hakuwa ananitazama usoni. Alikuwa ameinama anauangalia mguu wangu, ambao bado ulikuwa juu ya kiatu chake, vidole viwili visivyo na kucha vikionekana. Ningeweza kuurudisha nyuma ya mwenzake. Sikuurudisha.

"Ni funza?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Ni funza."

Akachuchumaa kama mtu anayepangusa kiatu, akapitisha kidole gumba juu ya vile vidole, akavitoa vumbi kimoja kimoja. "Sasa hii ndiyo umenificha miaka yote?" akasema. "Mimi nilifikiria hata huna vidole."

Nililia pale pale mbele ya wakwe, kilio cha kamasi, na sikujali. Shangazi aliogopa kwamba ameharibu shughuli. Akamwita binamu yangu kwa ukali azivue buti zangu upesi aniletee, na binamu akainama, akaanza kufungua kamba.

Nikamwambia akae nazo mpaka jioni.