Bahasha Iliyobaki Kibwezi

Mwalimu Mutindi alifundisha darasa la nne huko Kanyangi, na jioni zake alizimaliza akitafuta kanuni ya kuzalisha namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe. Mwaka 1972 akaipata. Chukua namba, izidishe kwa inayoifuata, ongeza arobaini na moja. Mbili mara tatu, ukiongeza, ni arobaini na saba. Tatu mara nne, hamsini na tatu. Alijaribu ishirini mfululizo, zote tasa.

Akampelekea rafiki yake Kahiga, mwalimu wa hesabu wa sekondari, aliyesoma chuo kikuu.

"Iandike vizuri, Mwalimu," Kahiga alisema. "Nitaituma Nairobi kwa walionifundisha."

Wakangoja miaka miwili. Mutindi alipopata nafasi ya kwenda kusomea cheo, Kahiga alimshauri asiondoke, jibu lisije likamkosa. Akaiacha nafasi. Kahiga akahamishiwa Kibwezi, na kila barua yake ilisema, "Bado kidogo."

Miaka hiyo miwili Mutindi hakutafuta mifano zaidi. Alitafuta sababu ya kanuni kufanya kazi. Alipokwama, akarudi kujaribu. Alipofika arobaini, jawabu likagawanyika: arobaini na moja mara arobaini na moja. Kesho yake akapanda basi hadi Kibwezi, ili wale wa Nairobi waonywe mapema.

Kahiga alimsikiliza bila kushtuka.

"Inajulikana hiyo," alisema. "Wazungu waliiandika miaka mia mbili iliyopita. Na hapo kwa arobaini ndipo inapokwamia."

"Ulijua lini?"

"Siku ile ulipoileta."

"Na Nairobi walisemaje?"

Kahiga akaenda kabatini, akarudi na bahasha. Ilikuwa bado imefungwa, haina hata stempu.

"Ulikuwa na furaha sana," alisema. "Nilishindwa kukuambia."

"Nafasi yangu je? Hiyo pia ulishindwa?"

 Wamucii, mke wa Kahiga, alikuwa ameleta chai, lakini Mutindi hakuigusa. Alichukua bahasha yake, akaondoka.

Nafasi nyingine ilichukua miaka sita kufika. Alisoma, akapanda cheo, akastaafu mwaka 1993 akiwa mwalimu mkuu. Mama yake alipofariki, Kahiga alikuja matangani. Mutindi alimsalimia kwa mkono kama alivyowasalimia wageni wote, akamwonyesha pa kukaa, akaenda kukaa na wengine. Kanuni alikuwa ameisamehe zamani kwa kuvunjika. Namba hazikuwa zimemwahidi kitu.