Kiwanja Nilichokiuza Watu Wakiwa Shamba

Mwaka wangu wa kwanza wa udalali nilikuwa na pikipiki, simu mbili na mdomo. Elimu ya ardhi sikuwa nayo. Nilijua kumwambia mteja, "Dada, kuna mtu mwingine anakuja kukiona kesho asubuhi," hata kama mtu huyo hayupo, na nilijua kumsimamisha pale ambapo kiwanja kinaonekana kikubwa. Nilidhani hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Madalali wakongwe wa Ifakara walikuwa na mwiko mmoja ambao mimi niliuita uvivu: msimu wa mpunga hawauzi kiwanja cha familia. Mvua zikikolea, watu wengi wa pembezoni mwa mji hufunga nyumba wakahamia mashambani, Idete na kwingineko bondeni, wakalala kwenye vibanda wakipalilia na kufukuza ndege hadi mavuno. Na kwetu mpaka huonyeshwa kwa miguu. Mwenye eneo hutangulia, majirani wa pande zote hufuata, na kila mmoja husema analolijua. Sasa utatembea na nani wakati milango yote ina kufuli? Wazee wakasubiri. Mimi nikaona nimeachiwa soko peke yangu, nikafurahi kama mpumbavu.

Mwezi wa tatu akanipigia mwalimu mmoja, mama wa watoto wawili, aliyehamishiwa kwetu kutoka Mbeya na aliyechoka kupanga. Nikamkumbuka kijana wa mtaa wa Katindiuka, rika langu, aliyekuwa akitafuta mnunuzi wa kipande cha eneo la nyumbani kwao. Baba yao alikwishafariki. Mama yake alikuwa Idete na mpunga wake.

"Mama anajua?" nilimuuliza.

"Anajua. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema tuuze."

"Tumsubiri aje atuonyeshe?"

"Kaka, mpaka naujua. Nimezaliwa hapa."

Hakudanganya, na nataka hilo lieleweke. Ni mimi niliyetakiwa kuwasha pikipiki nikamfuate yule mama. Njia ilikuwa tope tupu, nikaona uvivu. Ukweli ndio huo, hauna pambo.

Tukatembea watatu: kijana, mwalimu na mimi. Chini ya mpera, katikati ya majani marefu, kulikuwa na mawe matatu. Mwalimu akauliza ni ya nini. Nikawahi kujibu mimi, niliyekuwa nimefika hapo kwa mara ya kwanza maishani: "Mafiga hayo, mwalimu. Jiko la nje la zamani." Kijana akaendelea kutuonyesha kona inayofuata. Dalali mgeni wa kazi ana ugonjwa huo, akiulizwa asilolijua hawezi kunyamaza.

Ofisini mwenyekiti wa mtaa alishika muhuri, akaniangalia. "Majirani wa mpakani wameshuhudia?"

"Wameshuhudia, mzee."

Majina yaliyokuwa kwenye karatasi ni ya marafiki wawili wa yule kijana. Mzee alinijua tangu utoto, akaniamini, akagonga.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Ya kwangu hayakungoja hata nipate mtoto. Mwezi wa saba, msingi ukiwa umekwisha na mafundi wanapandisha tofali, mwalimu alinipigia. "Njoo haraka. Kuna mama hapa, simwelewi."

Nilimkuta mama amesimama na mwanawe kando ya msingi, magunia yake ya mpunga yakiwa bado juu ya bajaji barabarani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Wewe ndiye dalali?"

"Ndiyo, mama."

"Mpera wangu uko wapi?"

Mpera ulikuwa umeng'olewa na shina lake. Mawe yalikuwa yamezama kwenye zege pamoja na mawe mengine. Akatueleza polepole, kama mtu anayeelekeza njia. Alizaa pacha, hawakumaliza arobaini. Aliwazika chini ya mpera. Jiwe moja la huyu, jingine la yule, na la tatu alikuwa akilikalia yeye. Mwanawe mkubwa wakati huo hata shule hajaanza, angekumbuka nini?

Mwalimu ndiye aliyelia kwanza. Alisema atabomoa, atahamisha ukuta, patabaki wazi. "Nionyeshe tu, mama."

Mama akajaribu. Alianzia kwenye kona ya nyumba yake, akahesabu hatua, akasimama, akatikisa kichwa. Akarudi, akahesabu tena, akaishia mahali pengine kabisa. Mara ya tatu alifika katikati ya kilichokuja kuwa sebule, akageuka huku na huku. Mafundi walikuwa wamesawazisha ardhi yote, haikuwa na alama hata moja. Kijana alijiinamia pembeni. Mimi niliomba moyoni anitukane, angalau nipate cha kujibu.

"Kuuza nilikubali," akasema. "Ungekuja Idete ukaniuliza, ningekuja nikakuonyesha pa kuruka. Ni padogo tu, baba. Hata kitanda hakitoshi."

Nilipiga magoti pale kwenye kifusi. Aliniwekea mkono kichwani akasema amenisamehe, kisha akamwambia mwalimu aendelee kujenga, watoto wake wasije wakalala nje kwa ajili ya mchanga. Naamini alinisamehe kweli. Ni mimi ambaye sijaweza kujisamehe.

Siku hizi msimu wa mpunga siuzi kiwanja cha familia, na madalali wapya wananicheka kama nilivyowacheka wenzangu. Nawaambia habari hii, wanaitikia, wanachezea simu zao.

Mwalimu na yule mama wamekuwa majirani wema. Hupelekeana mboga, na watoto wa mwalimu humwita bibi. Lakini miaka yote hii mama hajawahi kuvuka mlango wa nyumba ile. Akikaribishwa hukaa barazani. Siku moja nilikuwepo mwalimu alipomwuliza mbona haingii ndani, ni nyumba yake pia.

"Sijui nikanyage wapi, mwanangu," akamjibu.