Mama Alipoacha Kunywa Maji

Mama alikuja kwetu Herndon, ughaibuni, kumwona mjukuu, na katika wiki ya tatu akaanza kuongea na mapazia. Aliyaita kwa majina ya ndugu zake waliokufa, akayakaribisha chai. Nilikwenda jikoni nikamwita mume wangu. Dada yake, yaani mama yangu mkubwa, aliishia kufungiwa kwenye chumba cha uani kwa sababu ya kichaa, na tangu utotoni nilikuwa najiuliza nani atafuata.

"Twende hospitali, ER, sasa hivi," alisema. "Usianze ku-google."

Daktari, mwanamke kijana mwenye haraka, aliuliza kama kwenye ukoo kuna mwenye ugonjwa wa akili. Kwetu swali hilo hujibiwa "hakuna", maana jibu jingine huvunja posa. Mimi nilishaolewa, na aliyenioa alikuwa amesimama kando yangu. Nikasema yupo. Mume wangu akanitazama.

Majibu ya mkojo yalipotoka yalionyesha maambukizi, tena makali. Kwa wazee, daktari alieleza, hayo peke yake yanaweza kuvuruga akili, na wakitibiwa mara nyingi hutulia. Nikamuuliza kuhusu urithi. Akasema watafiti wanaanza kuona kuwa baadhi ya vinasaba vinavyohusishwa na magonjwa ya akili vinahusishwa pia na maambukizi ya mkojo, ila kwa nini, bado hawajui vizuri, na kuwa navyo si hukumu. Sikuridhika. Nilitaka ndiyo au hapana.

Siku chache baadaye Mama alikuwa mzima wa kutosha kunigombeza kwa sababu ya chumvi. Daktari alikuwa amesema mwili wake ulikauka maji, basi nikamuuliza kwa nini alikuwa hanywi.

"Mlango wa choo chenu uko sebuleni, na mkwe anafanya kazi hapo kutwa nzima. Nipite mbele yake kwenda kukojoa? Kwani mimi sina haya?"

Nilikasirika, nikacheka, nikakasirika tena. Mume wangu alihamishia kompyuta yake chumbani bila kuambiwa mara mbili.

Jioni hiyo nikamweleza Mama alichosema daktari kuhusu ukoo na mkojo. Akakiweka chini kikombe chake cha maji.

"Dada alikuwa analia kila akienda haja ndogo," alisema. "Sisi tulidhani ni kichaa hicho hicho."